Madhara ya dawa za kuondoa madini chuma: mwongozo kamili kwa wenye thalasemia na selimundu

Mwenye thalasemia kubwa, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hautengenezi damu ya kutosha, huongezewa damu kila baada ya wiki mbili hadi tano, maisha yake yote. Mwenye selimundu (sikoseli) kwa kawaida hahitaji damu kwa ratiba ya namna hiyo, isipokuwa kama amewahi kupata kiharusi, au vipimo vimeonyesha kwamba yumo hatarini kukipata, au kuna sababu nyingine daktari ameiona. Wote wawili wanakutana kwenye jambo moja. Kila chupa ya damu huingia na miligramu 200 hadi 250 za madini chuma, na mwili wa binadamu hauna njia ya kuyatoa yakizidi. Kwa siku nzima hupoteza kama miligramu 1 au 2 tu. Anayepata chupa mbili kila mwezi hurundika takriban gramu 5 kwa mwaka, wakati mwili wa mtu mzima mwenye afya una gramu 3 hadi 4 kwa jumla. Ziada hiyo hukaa kwenye ini, kwenye moyo na kwenye tezi. Ndiyo inayoleta kisukari, kuchelewa kubalehe na moyo kushindwa kazi.

Dawa za kuyaondoa ni tatu, na kila moja ina madhara yake. Wagonjwa huumia kwa njia mbili, na zote zinazuilika. Kuna anayeacha dawa kimyakimya kwa sababu inamchafua tumbo, hamwambii daktari, na baada ya miaka moyo unachoka. Na kuna anayeendelea kuimeza siku ya homa kali au ya kuhara, siku ambayo alipaswa kuisimamisha. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya hao wawili na wanaowauguza. Hauchukui nafasi ya daktari wako. Unakusaidia kujua umwambie nini, na lini usisubiri siku ya kliniki.

Hatua ya 1: Ijue dawa yako kwa jina na kwa umbo

Ya kwanza ni deferoksamini, inayojulikana zaidi kama Desferal. Hii haimezwi. Huingizwa polepole chini ya ngozi kwa sindano nyembamba na pampu ndogo, saa 8 hadi 12, usiku 5 hadi 7 kwa wiki.

Ya pili ni deferiproni, au Ferriprox. Humezwa mara tatu kwa siku. Dozi ya kawaida ni miligramu 75 kwa kila kilo ya uzito kwa siku nzima, kwa hiyo mtu wa kilo 40 atameza vidonge sita vya miligramu 500: viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni.

Ya tatu ni deferasiroksi, humezwa mara moja kwa siku. Hapa simama kidogo, kwa sababu ina maumbo mawili yanayochanganywa. Kuna kidonge cha kuyeyusha kwenye maji (Exjade ya mwanzo, Asunra), na kuna kidonge cha kumeza chenye ganda (Jadenu). Cha ganda hufyonzwa vizuri zaidi, kwa hiyo dozi yake ni ndogo kwa karibu asilimia 30: aliyekuwa akipewa miligramu 20 kwa kilo kwa kidonge cha kuyeyusha hupewa 14 kwa kidonge cha ganda. Duka la dawa likikupa aina tofauti na uliyozoea, ukatumia miligramu zilezile, umejizidishia dawa. Kila unapopokea pakiti mpya, linganisha na ya zamani kabla hujaondoka dirishani.

Hatua ya 2: Hakikisha vipimo vya mwanzo vimefanyika

Huwezi kujua dawa imeharibu nini kama hukujua hali ilikuwaje kabla. Kabla ya dozi ya kwanza unahitaji: feritini (kipimo cha damu kinachokadiria akiba ya chuma mwilini), picha kamili ya damu, kreatinini ya figo (ikiwezekana mara mbili, siku tofauti), protini kwenye mkojo, vimeng'enya vya ini, kipimo cha kusikia na kipimo cha macho. Kwa mtoto ongeza urefu, akiwa amesimama na akiwa amekaa.

Kuhusu chembe nyeupe nina neno la ziada. Watu wengi wenye asili ya Afrika, bila ugonjwa wowote, wana kiwango cha chini kidogo cha nyutrofili, zile chembe zinazopambana na bakteria. Ni hali ya kuzaliwa nayo na haina madhara. Lakini kama kiwango chako cha kawaida hakikuandikwa mapema, siku kitakaposomwa kuwa kidogo hakuna atakayejua kama ni dawa au ndivyo ulivyo. Omba namba hiyo iandikwe kwenye daftari lako la kliniki, si kwenye faili la hospitali peke yake.

Feritini nayo isomwe kwa busara. Hupanda pia kwa maambukizi na wakati wa maumivu makali ya selimundu, kwa hiyo kipimo cha siku ya kulazwa kinadanganya. Angalia mwelekeo wa miezi kadhaa. Penye kipimo cha MRI cha ini na moyo, hicho ndicho kinachoonyesha hali halisi.

Madhara ya Desferal

Yanayosumbua zaidi ni ya ngozi: uvimbe, wekundu, muwasho, vinundu pale sindano ilipoingia. Badilisha mahali kila usiku, tumboni, pajani, mkono wa juu, na usirudie kinundu ambacho hakijapona. Chupa ya miligramu 500 iyeyushwe kwa angalau mililita 5 za maji ya sindano. Dawa nzito kuliko hapo huunguza ngozi. Sindano isiyofika chini ya ngozi sawasawa nayo huacha alama, na hilo muuguzi anaweza kulirekebisha kwa dakika chache akikuona unavyojichoma. Mkojo kuwa mwekundu wa kahawia ni chuma kinatoka, usiogope.

Yanayotisha zaidi hayaumi. Dawa ikizidi kiasi cha chuma kilichopo, hushambulia masikio, macho na mifupa. Masikio huanza kulia, sauti nyembamba zinapotea kwanza, mtoto anaanza kuongeza sauti ya redio. Macho hupoteza uwezo wa kuona gizani au kutofautisha rangi. Mifupa ya mtoto hupunguza kukua. Ndiyo maana kwa kawaida haianzwi kabla ya miaka 3, na mtoto anayekua hapewi zaidi ya miligramu 40 kwa kilo. Yakigunduliwa mapema, dozi ikipunguzwa au ikisimamishwa kwa muda, mara nyingi hali hurudi nyuma. Yakichelewa, usikivu uliopotea haurudi.

Kuna hesabu fupi ambayo mzazi yeyote anaweza kuifanya. Chukua dozi ya usiku mmoja kwa kilo, zidisha kwa idadi ya usiku kwa wiki, gawa kwa 7, kisha gawa kwa feritini. Jibu lisizidi 0.025. Mfano: miligramu 30 kwa kilo, usiku 5, ni wastani wa 21.4 kwa siku. Feritini ikiwa 2,500, jibu ni karibu 0.009, mtoto yuko salama. Dozi ileile feritini ikishuka hadi 800, jibu ni 0.027, imeshapita. Dozi haikubadilika hata kidogo, ila chuma kimepungua na sasa dawa inatafuta kingine cha kushika. Wazazi hufurahia feritini kushuka, na wana haki ya kufurahi, lakini siku hiyohiyo ndiyo ya kumuuliza daktari kama dozi ipunguzwe.

Jambo la mwisho kuhusu Desferal: homa pamoja na maumivu ya tumbo na kuhara. Kuna bakteria aitwaye Yersinia anayestawi kwa chuma ambacho dawa hii humletea. Zima pampu, nenda hospitali, na sema wazi, "Natumia Desferal na nina homa na tumbo linauma." Usisubiri kesho.

Madhara ya Ferriprox

Mkojo mwekundu, kichefuchefu cha wiki za mwanzo, magoti kuuma. Kichefuchefu hupungua ukimeza dawa pamoja na chakula. Magoti yakivimba au kukuzuia kutembea, mwambie daktari. Dozi ikipunguzwa mara nyingi huisha. Mwenye selimundu asikimbilie kudhani kila maumivu ya goti ni ugonjwa wake wa siku zote. Zinki hupungua pia, na inapimika.

Yote hayo ni madogo mbele ya hili: kwa watu kama 1 au 2 kati ya 100 wanaoitumia, dawa hii huangusha nyutrofili karibu zote. Mtu anabaki bila askari. Anaweza kuamka na koo linauma, jioni ana homa, na kesho yake bakteria wameenea kwenye damu. Hutokea zaidi mwaka wa kwanza, ingawa hata baadaye hutokea.

Kinga yake ni kupima damu kila wiki kwa miezi 6 ya kwanza, kila wiki mbili kwa miezi 6 inayofuata, kisha kila wiki mbili hadi nne. Najua maana ya ratiba hiyo kwa mtu anayekaa mbali na maabara: ni nauli, ni siku ya kazi iliyopotea. Kama kwako haiwezekani kabisa, mwambie daktari kabla hujaandikiwa dawa hii, achague nyingine. Kukubali dawa bila vipimo vyake ni hatari kuliko kuikataa.

Nyutrofili zikishuka chini ya 1,500, dawa husimamishwa na damu hurudiwa kupimwa. Zikishuka chini ya 500, mgonjwa hulazwa. Anayetumia pia haidroksiurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, kama ilivyo kwa wengi wenye selimundu, ana dawa mbili zinazoweza kushusha chembe hizo, na anahitaji jicho la karibu zaidi.

Hatua ya 3: Jipange kwa siku ya homa

Kwetu homa ikishika, mtu wa kwanza kuulizwa ni wa duka la dawa, na jibu la kwanza ni malaria. Kwa anayetumia Ferriprox mazoea hayo yanaweza kuua. Utaratibu uwe huu.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au koo kuuma, au vidonda mdomoni: acha Ferriprox papo hapo. Usisubiri kuona kama itapungua. Nenda kwenye hospitali yenye maabara, upimwe picha kamili ya damu siku hiyohiyo pamoja na malaria. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, bado omba picha ya damu, kwa maana mtu anaweza kuwa na yote mawili. Mwambie daktari usipewe dawa mseto yenye amodiakuini bila kufikiriwa, kwani amodiakuini nayo inaweza kushusha chembe nyeupe. Dawa hiyo imetumika kwa miaka mingi Zanzibar na Kongo, na zipo dawa mseto nyingine za malaria zisizo nayo. Kotrimoksazoli (Septrin), dawa ya kuua bakteria, nayo itajwe kwa sababu hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo weka kadi kwenye pochi, na nyingine kwenye begi la shule la mtoto: jina, ugonjwa, dawa, na maneno "Akipata homa: simamisha dawa, pima chembe nyeupe leo." Mwalimu wa zamu au shangazi aliyeachiwa mtoto hawezi kukumbuka mengi, lakini kadi ataisoma.

Madhara ya deferasiroksi

Ndiyo iliyoenea zaidi siku hizi kwa kuwa ni rahisi kutumia, na ndiyo inayoachwa zaidi kimyakimya, kwa sababu ya tumbo. Kichefuchefu, kuhara, maumivu ya tumbo na vipele ni vya kawaida. Kabla ya kukata tamaa, jaribu haya kwa kushauriana na kliniki yako.

Kidonge cha kuyeyusha hakitafunwi wala hakimezwi kizima. Kikoroge kwenye glasi ya maji au juisi ya chungwa mpaka kiwe uji mwepesi, kunywa, kisha suuza glasi kwa maji kidogo na unywe mabaki. Usitumie maziwa wala soda. Unywe tumbo likiwa tupu, nusu saa kabla ya kula. Wengi husaidika wakihamishia dozi jioni. Wengine daktari huwagawia mara mbili kwa siku. Kidonge hicho kina laktosi, sukari ya maziwa; kama maziwa hukuharisha siku zote, huenda shida ni hiyo na si dawa yenyewe. Kidonge cha ganda mara nyingi huvumilika zaidi, na kinaweza kumezwa na chakula chepesi.

Vipele vidogo hupita vyenyewe. Vipele vyenye malengelenge, au vidonda mdomoni na machoni pamoja na homa, ni dharura.

Figo zinahitaji uangalizi kuliko kitu kingine. Karibu theluthi moja ya watumiaji huonyesha kreatinini kupanda kiasi, bila kuhisi lolote. Kwa hiyo hupimwa kila wiki mwezi wa kwanza, halafu kila mwezi, pamoja na protini ya mkojo. Ikipanda zaidi ya theluthi moja ya kiwango chako cha mwanzo mara mbili mfululizo, dozi hupunguzwa. Mwenye selimundu mara nyingi figo zake zimeguswa na ugonjwa wenyewe tangu utotoni, na kreatinini yake ya mwanzo huwa ndogo. Namba inayosomeka "ya kawaida" kwenye karatasi ya maabara inaweza kuwa imepanda sana kwake. Linganisha na namba yako mwenyewe.

Figo hizo huumia haraka zaidi mwili ukikosa maji. Mtoto akiharisha, akitapika, au akikataa kula na kunywa, simamisha deferasiroksi siku hiyo, mpe maji ya chumvichumvi ya ORS, mpigie daktari, na usirudie dawa mpaka anywe na kula vizuri. Kuna watoto waliopata shida kubwa ya figo na ini kwa kuendelea na dozi kamili wakiwa wagonjwa, wazazi wakidhani wanatii maagizo.

Mfungo wa Ramadhani unaingia hapa. Kwa mgonjwa wa selimundu kwenye joto la Maskati, Mombasa au Dar es Salaam, saa nyingi bila maji ni hatari hata bila dawa. Pamoja na deferasiroksi hatari huongezeka. Zungumza na daktari mapema mwezi wa Shaabani, si siku ya tatu ya mfungo.

Ini nalo hupimwa mara kwa mara. Macho ya njano hayatoshi kuwa dalili kwa mwenye selimundu au thalasemia, maana wengi wana unjano wa siku zote. Angalia mabadiliko: unjano uliozidi ulivyozoea, mwili kuwasha, maumivu chini ya mbavu za kulia, usingizi usio wa kawaida. Na choo cheusi kama lami, au kutapika damu, maana yake tumbo linavuja: acha dawa, nenda hospitali.

Macho na masikio hupimwa kila mwaka kwa dawa hii pia.

Hatua ya 4: Chunguza kila kitu kingine unachomeza

Dawa za maumivu ndizo za kwanza. Diklofenaki na ibuprofeni ziko karibu kila nyumba yenye mgonjwa wa selimundu. Pamoja na deferasiroksi huongeza hatari kwa figo na kwa vidonda vya tumbo. Panga na daktari utatumia nini maumivu yakija; parasetamoli kwa madogo, na makubwa yana dawa zake hospitalini.

Vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma, vile vyekundu vya kliniki ya wajawazito na sirapu za "damu imepungua", havifai kwa anayeondolewa chuma isipokuwa daktari wake ameagiza. Mwenye selimundu hupewa foliki asidi peke yake. Soma lebo, maana mara nyingi viwili hivyo huwa kwenye kidonge kimoja.

Vitamini C ya vidonge ina habari yake. Kiasi kidogo, kilichoandikwa na daktari, husaidia Desferal kutoa chuma. Dozi kubwa za kujinunulia huamsha chuma kilicholala na zinaweza kuudhuru moyo. Glasi ya juisi ya rozela haina neno, ila haiondoi chuma cha damu uliyoongezewa, wala chai kavu haikiondoi. Chai hupunguza tu chuma kinachofyonzwa kutoka kwenye chakula.

Dawa za kiungulia zenye alumini zisimezwe pamoja na deferasiroksi. Kwa Ferriprox, hizo pamoja na vidonge vya zinki zipishane nayo kwa angalau saa 4. Rifampisini ya kifua kikuu, fenitoini na fenobabitali za kifafa, na ritonaviri ya VVU hupunguza nguvu ya deferasiroksi. Proklorperazini ya kuzuia kutapika isichanganywe na Desferal. Inaweza kumfanya mtu apoteze fahamu. Mitishamba nayo itajwe kliniki, hata kama unajua utakaripiwa.

Hatua ya 5: Ujauzito

Ferriprox inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na anayeitumia, mwanamke au mwanamume, anahitaji uzazi wa mpango madhubuti. Deferasiroksi inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo ongeza njia nyingine. Anayetaka kubeba mimba aseme miezi kadhaa kabla, ili chuma kipunguzwe kwanza na moyo upimwe. Aliyeshika mimba bila kupanga aache vidonge na amwone daktari wiki hiyo.

Hatua ya 6: Kurudi kwenye dawa

Dawa ikisimamishwa, uliza maswali mawili kabla hujatoka chumbani: nirudie lini, na kwa dozi gani. Bila majibu hayo, likizo ya wiki mbili hugeuka mwaka. Baada ya figo kutulia, deferasiroksi huanzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu. Feritini ikishuka chini ya 500, husimamishwa na kipimo kurudiwa. Chuma kikiwa kingi sana kwenye moyo, madaktari huweza kuchanganya Desferal na Ferriprox, na hapo vipimo vya zote mbili hufuatwa kikamilifu.

Aliyewahi kushuka nyutrofili chini ya 500 kwa sababu ya Ferriprox harudishiwi dawa hiyo. Andika hilo kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari na nyuma ya kadi, ili daktari wa zamu ambaye hajawahi kumwona mgonjwa huyo asimwandikie tena.